Gari la baba linalia, na shemeji ndiye fundi

Mshauri, shikamoo.

Naandika kuhusu giaboksi, na najua wasomaji wako wamezoea barua za ndoa. Nivumilie, ndoa nayo imo humu.

Miaka mitatu iliyopita baba alifariki akaniachia gari lake, dizeli la mwaka 1993, gia tano za mkono, na ile liva ndogo ya pili ya kuingizia magurudumu manne. Alilinunua nikiwa shule ya msingi. Aliliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya liva ya gia, saa zote, hata barabara ikiwa nyoofu. Na mimi naendesha hivyo hivyo.

Miezi minane iliyopita klachi ilianza kuteleza. Kwenye mlima injini inapiga kelele, gari haliendi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi, na ndiye aliyekuwa akilitengeneza tangu enzi za baba. Akashusha giaboksi, akaweka klachi pleti na presha pleti mpya, akarudisha. Kuteleza kukaisha. Haukupita mwezi nikaanza kusikia mlio.

Gari likiwa limesimama, gia iko nyutro, mguu sijaugusisha kwenye klachi, chini panalia kama kopo lililotiwa kokoto likatikiswa taratibu. Nikiegemeza mguu kidogo kwenye pedali mlio unapungua, nikikanyaga mpaka chini unakufa kabisa. Kwenye foleni siku hizi mguu wangu unashinda juu ya klachi ili wanaopita wasisikie. Barabarani linavuma gia ya pili na ya tatu. Nikiweka ya nne, ajabu, linanyamaza mpaka nasahau. Nikiingiza ya tano linaanza tena. Rivasi nayo mara nyingine inakwaruza. Na pale ninapoliegesha siku hizi kuna doa la oili.

Nilimwita shemeji. Akasimama dirishani, akasikiliza, akasema, "Hiyo dizeli ya zamani, shemeji. Unataka inyamaze kama friji?" Akaondoka. Nikampelekea fundi mwingine. Huyo alifungua boneti, hata chini hakuingia, akaniambia giaboksi imekwisha, aliyeweka klachi kaweka spea feki, nitafute giaboksi iliyotumika nibadilishe nzima.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia mke wangu, "Kaka yako ameniharibia gari la baba." Hakujibu. Kesho yake akasema, "Kama kaka yangu ni mwizi, mwite umwambie usoni. Usinitume mimi." Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto tu.

Sasa kuna mtu analitaka gari. Rafiki yangu kanishauri nitie oili nzito, mlio utapungua siku chache, nimuuzie. Sijafanya hivyo. Lakini oili nimeshainunua, iko nyuma kwenye buti.

Gari hili halikuwahi kulia enzi za baba. Nimwamini nani? Nimbane shemeji anirudishie hela, nibadilishe giaboksi, au niuze tu niondokane nalo?

Niliyechoka Kusikiliza

*

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa msiba, maana miaka mitatu si mingi. Na usiombe radhi kwa kuandika kuhusu giaboksi. Nimeshapokea barua za ndoa ambazo zilihitaji spana kuliko hii yako.

Naielewa hivi. Fundi unayemjua amekwambia si kitu. Fundi usiyemjua amekwambia kila kitu kimekufa. Wote wawili hawakuingia chini ya gari. Katikati ya hao wawili umemsimamisha mke wako, na pembeni kuna mnunuzi asiyejua lolote. Halafu unaniuliza umwamini nani. Kabla ya mtu yeyote, ningependa tulisikilize gari lenyewe, kwa sababu barua yako imebeba ushahidi mwingi kuliko unavyodhani, na sehemu kubwa umeiandika kama mambo ya kupita tu.

Kwanza, umeandika "mlio". Mimi nimehesabu mitatu. Kuna kokoto za kwenye nyutro. Kuna mvumo wa barabarani. Na kuna mkwaruzo wa rivasi. Umeifunga mzigo mmoja ukaubandika jina la shemeji, nami sina hakika kama yote ni ya mtu mmoja, wala kama kuna mtu kabisa.

Rivasi tuimalize haraka. Giaboksi nyingi za umri huo hazina sinkro kwenye rivasi, yaani hakuna kitu cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijakutana. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tatu polepole, ndipo uingize. Au pitisha kwanza gia ya kwanza, kisha rivasi. Ikiingia kimya, ilikuwa haraka zako. Ikiendelea kukwaruza hata baada ya kusubiri, basi klachi haiachi vizuri: pengine kuna hewa kwenye mpira unaopitisha mafuta ya klachi, pengine ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, inakwama na kuizungusha shafti ya kuingilia giaboksi wakati ingepaswa kusimama. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu linamhusu shemeji.

Sasa kokoto. Ukiwa nyutro na mguu haupo kwenye klachi, klachi imeshika, na shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka na injini. Inaizungusha shafti ya chini, ile yenye gia zake kama ngazi, nayo inazizungusha gia zote za juu ingawa gari limesimama. Ukikanyaga mpaka chini, zote hizo zinasimama. Kwa hiyo kitu kinachonyamaza pamoja nazo kinazunguka pamoja nazo. Rilizi beringi, yaani ile inayosukumwa na pedali ili klachi iachie, ikichakaa kwa kawaida hufanya kinyume: hulia unapokanyaga, kwa kuwa ndipo inapobebeshwa mzigo. Hata beringi ndogo ya kwenye flaiwili hulia pedali ikiwa chini. Yako inanyamaza.

Lakini umeandika pia kwamba ukiegemeza mguu kidogo tu mlio unapungua, na hapo ndipo ningependa uwe makini kuliko wakati wowote. Tafuta mahali pa kimya, zima redio, fungua kioo. Injini iwe sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Shusha pedali polepole sana, nusu kidole kwa nusu kidole. Mlio ukikatika mapema, pale mwanzoni kabisa ambapo pedali bado ni nyepesi, huenda ni rilizi beringi au uma wake vinachezacheza kwa kulegea, na ukivigusa vinatulia. Hiyo ni kazi ya upande wa klachi, na giaboksi yenyewe inaweza kuwa nzima. Ukikatika baadaye, pale klachi inapoachia, chanzo kiko ndani ya giaboksi. Na ukipungua mara ya kwanza kisha ukafa mara ya pili, kama ulivyoandika, inawezekana una vyote viwili kwa kiasi.

Jaribio jingine halihitaji hata kiatu kichafuke. Ukiwa nyutro, mguu nje ya klachi, kanyaga mafuta taratibu mpaka mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Dizeli ya silinda chache ikiwa sailensi haizunguki laini; inasukuma na kuachia, inasukuma na kuachia, na kila msukumo unagonganisha meno ya gia yasiyobeba mzigo. Kokoto zikitawanyika na kupotea mara tu mizunguko inapopanda kidogo, shemeji hakusema uongo wote: ni mtetemo wa dizeli unaosikika kupitia gia. Hapo uliza pia kama sailensi imeshushwa mno, au kama kuna nozeli isiyopuliza dizeli sawa na wenzake. Lakini mlio ukipanda pamoja na injini, ukawa mwembamba zaidi kadiri unavyokanyaga, hiyo ni beringi, na maneno ya friji hayatoshi.

Kuna jambo moja humo ambalo wengi hawalijui. Katikati ya klachi pleti kuna springi fupi nene, kazi yake ni kumeza huo mtetemo kabla haujafika kwenye gia. Pleti mpya yenye springi za ugumu tofauti na ile ya zamani inaweza kuliacha gari likitoa kokoto ambazo hazikuwepo, ingawa haitelezi na haina kasoro nyingine. Kwa hiyo inawezekana mlio umeanza baada ya klachi, kwa sababu ya klachi, na bado hakuna aliyekuibia. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kati ya "kaka yako ameniharibia gari" na "ni kawaida" pana uwanja mpana, na wewe umeruka ukingo hadi ukingo.

Tuje kwenye mvumo wa barabarani. Uliandika kwamba gia ya nne inanyamaza "ajabu". Ndugu yangu, hiyo ndiyo sentensi niliyoipigia mstari. Kwenye giaboksi nyingi za namna hiyo, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia inafungwa na ya kutokea, nguvu inapita juu kwa juu. Shafti ya chini inaendelea kuzunguka, lakini haibebi kitu. Kwenye ya pili, ya tatu na ya tano, mzigo wote unapita kwake. Gari linalovuma gia zote isipokuwa ya nne linaelekeza kidole kwenye beringi za shafti ya chini. Na beringi hizo ziko ndani kabisa ya giaboksi. Mtu anayebadilisha klachi hazigusi wala hazioni.

Tena kuna mkono wa baba yako. Umeniambia aliuweka juu ya liva ya gia saa zote. Madereva wengi wana mazoea hayo, na si mazuri, kwa kuwa uzito wa mkono unashuka hadi kwenye uma za ndani zinazosukuma gia, nazo zinasagika pasipo haja. Lakini liva iliyolegea bushi, kile kipande kinachoishika pale chini, hupiga kelele kama njuga, na mkono ukiwekwa juu yake hunyamaza. Jaribu: ondoa mkono wako kabisa siku moja usikilize. Huenda utasikia mlio wa nne. Na huenda baba alikuwa akiusikia miaka yote, akaukalisha kwa kiganja, nawe nyuma ukasikia gari kimya. Unasema halikuwahi kulia enzi zake. Mwulize mtu mwingine aliyepanda naye mara nyingi. Sikuulizi hivyo ili kumsingizia marehemu. Ninajiuliza tu kama unamdai shemeji akurudishie gari ambalo hata baba hakuwa nalo.

Doa la oili sitalipita. Liangalie liko chini ya nini, na ulinuse. Oili nyeusi nyepesi ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, ni sili ya nyuma ya injini, yaani ringi ya kuzuia oili isivuje, na ni hatari kwa klachi mpya kwa kuwa inaweza kuilowesha. Oili nzito yenye harufu kali ya salfa ni ya giaboksi. Ikiwa ni hii ya pili, basi jambo la kwanza kufanya kabla ya kumlipa mtu yeyote ni kupima kiwango chake. Gari likiwa mahali tambarare, fungua nati ya kujazia ya ubavuni, ingiza kidole: oili inapaswa kugusa ukingo wa tundu. Anza na nati ya kujazia, usianze na ya kumwagia. Wako watu waliomwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka, gari likabaki kavu uani. Pima pia transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linaloongozwa na liva yako ndogo. Kwenye magari haya sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili huhama: transfa inafurika, giaboksi inakauka, na chini hakuna tone. Ukikuta transfa inamwagika ukiifungua, utakuwa umepata maelezo ya beringi zinazovuma, na pengine ya kwa nini zimeanza kuvuma sasa.

Mkimwaga oili, iwe kwenye chombo safi, mkaitazame juani. Nati ya chini kwa kawaida ina sumaku. Ute laini wa kijivu uliogandana juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Vimeta vya njano ni ringi za sinkro.

Liva ndogo uliyoitaja nayo ni msaada ambao wenye magari ya kawaida hawana. Mengi ya magari hayo yana nyutro kwenye transfa. Ukiiweka hapo, unaweza kupitisha gia moja baada ya nyingine, klachi umeiachia, na gari lisisogee. Chochote kinacholia hapo kiko kabla ya transfa. Kilicholia barabarani tu kinaweza kuwa propela inayopeleka nguvu kwenye ekseli, difu ya katikati ya ekseli, beringi za magurudumu, hata tairi. Ila giaboksi isiyobeba mzigo hulia kidogo kuliko inayobeba, kwa hiyo ukimya wa hapo usiuchukulie kama cheti cha afya. Na kumbuka, transfa ikiwa nyutro hakuna gia inayolizuia gari lisiteremke. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, na mtu asiwe chini.

Ningependa majaribio haya uyafanye na shemeji. Sijui kama atakubali. Lakini kuna tofauti kati ya kumwita mtu na neno "umeniharibia" na kumwita na neno "gia ya nne inanyamaza, wewe unaonaje?" Fundi mzuri akisikia hilo la pili ataacha alichoshika. Na yapo maswali ya haki ya kumuuliza, usiyameze kwa kuwa ni ndugu wa mkeo. Umetaja pleti na presha. Je, rilizi beringi ilibadilishwa? Na ile ndogo ya kwenye flaiwili? Kwa kuwa kuishusha giaboksi ndiyo kazi kubwa na beringi hizo ni ndogo, mafundi wengi huzibadilisha humo humo. Kama hakuzibadilisha, labda alitaka kukupunguzia gharama, labda alisahau. Mwulize kisha unyamaze, akujibu yeye.

Yule fundi wa pili simdharau. Anaweza kuwa amepatia. Sikio la miaka mingi husikia mambo. Ila alikupa jina la ugonjwa, jina la mkosaji na dawa kwa pumzi moja, na boneti si mahali pa kuchunguzia giaboksi. Giaboksi iliyotumika ni njia halali. Hatari yake ni kwamba unanunua historia usiyoijua. Ile iliyokaa bila oili haina alama usoni. Ukiifuata njia hiyo, izungushe shafti kwa mkono kabla ya kulipa, na usishtuke ukiona ya kuingilia inacheza kidogo, hiyo huegemea kwenye flaiwili ikishafungwa. Mikwaruzo unayoihisi kwenye kiganja ndiyo ya kushtukia. Kuifungua ya kwako na kubadilisha beringi kunakuacha na chuma unachokijua, ila ukishafungua huenda ukakuta meno nayo yameliwa, na bei ikaongezeka ukiwa umeshafika katikati. Kuendelea kuendesha hivyo hivyo, oili ikiwa kamili, kunawezekana kwa muda, na wengi hufanya hivyo. Ila beringi ikisambaratika, vipande vyake hupita kwenye meno ya gia nzima, na giaboksi inaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo. Hapo unapima wewe, kulingana na unalipeleka wapi na unambeba nani.

Kuuza nako si dhambi. Hulazimiki kulitunza gari la marehemu ili kuthibitisha kwamba ulimpenda. Lakini lile kopo la oili kwenye buti limenifanya nisimame kidogo. Soma kilichoandikwa juu yake. Kama ni oili ya daraja la GL-5, ile ya difu, dawa zake za salfa zinaweza kushambulia ringi za shaba za sinkro. Giaboksi nyingi za miaka hiyo huomba daraja la GL-4, mara nyingi ya unene wa 75W-90, na kitabu cha gari ndicho cha kuamua. Oili nzito kupita kiasi hupunguza kelele, ni kweli, lakini asubuhi gia zinakuwa ngumu kuingia, na haifiki kwa urahisi kwenye beringi finyu. Mnunuzi atakayegundua baada ya wiki mbili atarudi na swali lile lile unalotaka kumuuliza shemeji. Unaweza pia kumwambia, "Linavuma gia ya pili, ya tatu na ya tano, hili ndilo tulilokuta," ukapunguza bei. Umeinunua oili lakini hujaimimina, ukaniandikia mimi kwanza. Hilo nimeliona.

Mke wako amebaki mwisho, lakini si kwa sababu ni mdogo kuliko giaboksi. Hakukwambia kaka yake hana kosa. Amekwambia usimtume. Naona anaomba atolewe katikati, wala haombi ushindi. Unaweza kumwambia leo jioni, kabla hujajua chochote kuhusu beringi, kwamba ulisema neno kubwa kabla ya kutazama. Huhitaji matokeo ya majaribio kwa hilo. Wala usimwahidi kwamba kaka yake atatoka safi, maana hujui, nami sijui.

Ukishaingiza kidole kwenye tundu la kujazia, niandikie umekuta nini, na kwenye transfa pia. Kwa sasa ondoa mkono kwenye liva. Na mguu, tafadhali, utoe kwenye pedali ukiwa kwenye foleni: unaisagisha rilizi beringi ambayo mpaka sasa hatujui ni mpya au ya zamani. Wanaopita watasikia. Waache wasikie.